Mikono Yote Juu

Ninyi mnaoanza kazi hii mmeniomba niwaandikie yangu ilivyokuwa, sasa msije mkalalamika kwamba ni ndefu. Vyeo sitavitaja. Mshahara sitautaja, maana nikianza huo nitakasirika na daftari litaisha. Nitaandika yale ambayo hakuna atakayewafanyia semina juu yake: namna ya kuingia kijijini, namna ya kuketi na watu mpaka wakwambie wanachotaka kweli, na ile siku nilipokosea vibaya, mimi Mama Zaina niliyejiona mjuzi.

Kazi yenyewe mnaijua. Kila mwaka, kabla biro, ofisi yetu, haijaandika bajeti ya maendeleo, tunapita kijiji kwa kijiji katika bonde la Ruzizi na milima ya juu yake, tunawauliza wananchi: mwaka huu kipi kitangulie? Darasa, daraja, robine yaani bomba la maji, hangari yaani banda la soko? Wanachagua, tunaandika, shefu wa kijiji anatia sahihi, karatasi inakwenda biroini. Mtu akikwambia ni kazi nyepesi, ujue hajawahi kusimama mbele ya uwanja uliojaa watu, jua la saa saba kichwani, akawaambia kwamba fungu linatosha kitu kimoja tu.

Mimi ni mtoto wa Uvira mjini, Mulongwe. Baba aliuza vitambaa, na babu wa babu yake alifika ziwani kwa biashara akaoa hapo hapo. Bonde nilikuwa nalijua kupitia dirisha la gari ya kwenda Bukavu, basi. Siku ya kwanza kazini nilipelekwa Runingu, na mimi, mwanamke wa mjini, nikavaa viatu vyeupe. Mtu wa pikipiki alinishusha pembeni ya shamba la mpunga. Hatua ya tatu kiatu kimoja kikabaki matopeni. Nikasimama kwa mguu mmoja, natafuta pa kukanyaga, na mbele yangu amesimama mwanaume mrefu, daftari lake limefungwa kwenye sashe ya plastiki, ananiangalia bila haraka yoyote.

“Mama,” akasema, “ile viatu iko ya kwenda harusi?”

Huyo alikuwa Papa Byamungu, animatere, mwendesha mikutano, wa zamani kuliko wote katika biro yetu, mzaliwa wa Kiringye. Ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa mwenyewe angesema hakunifundisha kitu, alinibeba tu kama mzigo. Alikichomoa kiatu, akakikung'uta, akanipa. Kesho yake nilinunua boti za mpira, vile viatu virefu vya matope, na tangu hapo sijawahi kwenda bondeni bila boti.

Papa Byamungu aliandika kwa kalamu ya risasi. Wino, alisema, unakimbia mvua. Karatasi kubwa za ukutani alizibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, siyo kwa skochi, ule utepe wa gundi, maana upepo wa mchana unaotoka ziwani unang'oa skochi zote halafu unabaki unakimbiza makaratasi mbele ya watu wanaokucheka. Megafoni aliichukua kila safari na hakuiwasha kamwe. Nikamuuliza kwa nini anaibeba. Akasema watu wakiiona wanajua ni mkutano wa serikali. Wakiisikia, wanakwenda nyumbani.

Alikuwa na desturi moja iliyonikera miaka mingi. Alifika kijijini siku moja kabla ya mkutano. Jioni aliwafuata wanawake walikochota maji au walikofulia nguo, akaketi mbali kidogo juu ya jiwe, akaanza kuzungumza habari za mihogo, za nani kajifungua, za bei ya samaki mjini. Kesho yake katika mkutano mkubwa wanawake walinyamaza, na yeye akawa anasema, “Nimesikia kwamba huku kuna shida ya zahanati,” bila kutaja alisikia kwa nani. Mimi niliona ni mambo ya wazee, kuwaweka wanawake pembeni kama masufuria. Siku moja nikashindwa kujizuia.

“Papa, kwa nini hawa akina mama wasiseme mkutanoni kama watu wengine?”

“Batakuya mkutanoni.”

“Kuja wanakuja, lakini hawasemi!”

“Njo vile,” akasema, yaani ndivyo ilivyo, akaendelea kuchonga kalamu yake.

Nilinuna mpaka Uvira. Yeye hakuwa mtu wa kueleza, na mimi nilikuwa na kiburi cha kutouliza mara mbili.

Rurambo ndiko nilikojifunza saa. Tulipanda mlima tangu alfajiri, magoti yananilaumu, na mkutano niliuitisha mimi mwenyewe kwa barua: saa nne asubuhi, kama fomu ilivyotaka. Tukafika. Kijiji kizima tulikuta kuku na bibi mmoja anapepeta maharagwe. “Bantu biko wapi, koko?” nikauliza. Akanishangaa. “Biko na ng'ombe. Weye ulifikiri ng'ombe inasoma barua?” Papa Byamungu alicheka mpaka akakaa chini. Tulingoja hadi ng'ombe waliporudi, ndipo wachungaji wakaja, wakasimama wameegemea fimbo, wakatuambia wanachotaka: njia ya ng'ombe kushukia sokoni bila kukanyaga mashamba ya watu wa chini. Mimi nikasema hiyo siyo projeti, hakuna matofali wala mabati. Papa Byamungu akaniomba karatasi, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Njia ile ilipimwa, ikawekewa alama za mawe pande zote mbili, na ugomvi wa mashamba uliokuwa unatupotezea nusu ya kila mkutano ukapungua sana. Ilikuwa ndogo kuliko projeti zote nilizowahi kuandika.

Mwaka ziwa lilipopanda, maji yaliingia biroini. Tulihamisha mafaili kichwani, na mengi yaligeuka uji. Daftari la Papa Byamungu lilitoka kwenye sashe yake limekauka kabisa, akatupitishia mbele ya pua mmoja mmoja. Muda mfupi baadaye alistaafu, akarudi Kiringye kwenye mpunga wake. Mimi nikabaki ndiye wa zamani kuliko wote. Sasa sikilizeni vizuri.

Fomu mpya ilikuja. Nzuri, ya rangi. Ilitaka mkutano mmoja kwa kila kijiji, wanaume na wanawake pamoja, watu wachague kwa kunyoosha mikono, ihesabiwe papo hapo. Nilifurahi jamani! Nikasema, hatimaye mambo ya kwenda kuvizia akina mama mtoni yamekwisha, kila mtu atasema mwenyewe mchana kweupe. Kulala vijijini nikaacha. Nilifika asubuhi, nikaendesha mkutano, mchana nikarudi mjini kula wali wangu.

Kijiji ninachokisema sitakitaja jina. Wenyewe wakisoma watajijua. Kiko chini kabisa bondeni, karibu na mto. Tulikutana kwenye uwanja wa kuanikia mpunga. Wazee walikaa mbele kwenye viti, wamewaelekea watu, vijana wamesimama, wanawake nyuma kwenye mikeka. Mambo yaliyobaki mezani yalikuwa mawili: robine ya maji au hangari ya soko. Akasimama Muzee Rukeba, katekista wa zamani, mtu anayeheshimiwa na kila nyumba pale. Alisema vizuri kweli. Mvua inalowesha mpunga sokoni, jua linakausha samaki wabichi, wafanyabiashara wa barabara kuu wanapita bila kusimama kwa sababu hakuna kivuli.

“Wanaotaka hangari itangulie?” nikauliza.

Mikono yote juu. Yote! Wazee, vijana, akina mama kwenye mikeka, hata bibi mmoja aliyekuwa amesinzia aliamshwa akanyoosha. Nikauliza wanaotaka robine, hakuna hata kidole. Niliandika “kwa kauli moja” na nikapiga mstari chini yake. Bosi wetu aliisoma raporo ile, ripoti yangu, mbele ya wenzangu kama mfano, nami nikaona aibu ya uongo, ile ya mtu anayetaka asifiwe tena.

Wiki mbili zikapita. Nimekaa biroini, akaingia mwanamke mwenye mimba kubwa, kapu la nyanya kichwani, vumbi mpaka magotini. Nilimkumbuka kidogo, alikuwa kwenye mikeka. Jina lake Mwamini. Nilimpa kiti, akakataa.

“Mama, weye njo uliandika kama tunataka hangari?”

“Mlichagua wenyewe. Uliinua mkono, nilikuona.”

“Ee, niliinua. Baba mukwe alikuwa ameinua.”

“Baba mkwe wako nani?”

Hakunijibu. Alinitazama kana kwamba mimi ni mtu asiyelelewa. Jina la baba mkwe halitamkwi, hata mimi nilijua hilo kwa kusikia, lakini sikuwahi kulitia akilini. Ikabidi nitaje mimi: Muzee Rukeba? Akainamisha kichwa. Kisha akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni. Ana miaka tisa katika ua wa mzee yule. Anampikia, anamfulia, wanapendana sana. Hajawahi kusema neno mbele yake zaidi ya salamu ya asubuhi, macho chini. Ndiyo heshima yao. Sasa aketi kwenye uwanja, watu wote wanaona, mzee ameinua mkono, yeye aache wake chini? Na wanawake wote wa mikeka ile walikuwa hivyo hivyo. Kila mmoja alikuwa na baba mkwe wake kwenye viti vya mbele.

Kwetu Mulongwe mkwe anasema mpaka baba mkwe anaomba apumzishwe. Mimi nikadhani dunia nzima ni Mulongwe.

“Sisi tunachota mu Ruzizi,” akasema Mwamini. “Pale pale viboko binakunywa. Mwaka uliopita kolera ilinitwalia mutoto, Neema, alikuwa na miaka tatu. Huyu,” akaweka mkono tumboni, “huyu atakunywa nini, mama?”

Nililia. Nasema wazi, sina haya: nililia biroini, saa za kazi, na Mwamini ndiye aliyenibembeleza.

Siku ile ile nikapanda pikipiki hadi Kiringye. Papa Byamungu alikuwa ndani ya mpunga, maji magotini. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama kwenye tuta. Hakuacha kupalilia.

“Ulifika siku moja mbele?”

“Hapana, Papa.”

“Ulikaa na bamama ku maji?”

“Hapana.”

“Aya.” Akang'oa magugu machache. “Karatasi imeisha kupita?”

“Inapita wiki ijayo.”

“Basi enda useme ulikosea.”

“Mbele ya watu wote?”

“Ulikosea mbele ya nani?”

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kunieleza, miaka yote ile. Akanyoosha mgongo. “Minye nilifikiri unaona,” akasema, na nilijua hasemi kwa dhihaka. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Bosi alikataa kwanza. Raporo imetiwa sahihi, ukifungua kijiji kimoja vyote vitataka kufunguliwa, na tena ilikuwa kauli moja, Mama Zaina, kauli moja! Nikamwambia kauli ile ilikuwa ya wazee kumi na wawili tu, mikono mingine ilikuwa heshima. Nikamwambia pia kwamba kama haifungui, na mimi nitaandika barua ya kusema raporo yangu ni ya uongo, niibandike mlangoni kwa vibanio vya nguo. Alijua ningefanya. Akanipa mpaka Jumamosi. Karatasi mpya yenye sahihi isipofika siku hiyo, hangari inapita, na robine ingoje mwaka mwingine, kama fungu litakuwepo.

Nilifika Alhamisi mchana. Nikaenda mtoni na wanawake, nikabeba bidoni moja, dumu la maji, ili nijue. Mlima mdogo wa kutoka mtoni sitausahau. Pale hawakunificha kitu. Wote, wadogo kwa wakubwa, walisema maji. Nikasema vizuri, kesho nitafanya kama Papa Byamungu, nitasema nimesikia.

Kumbe kufanya hivyo kulifaa kabla ya sahihi, siyo baada yake. Ijumaa nilisimama kwenye uwanja ule ule nikasema: “Nilikosea. Niliwauliza vibaya. Kuna watu hapa ambao desturi haiwaruhusu kusema mbele ya wengine, na mimi nikahesabu mikono yao kana kwamba wamesema. Nimesikia kwamba robine ndiyo inayotakiwa itangulie.” Shefu wa kijiji, mtu wa haki lakini mgumu, akatikisa kichwa. Yeye alitia sahihi yake juu ya mikono aliyoiona kwa macho. Hawezi kuifuta kwa “nimesikia”. Anayetaka kubadilisha asimame aseme kwa kinywa chake.

Wanawake waliangalia mikeka. Mwamini alikuwa katikati yao, ameshika kingo za kitenge chake kwa mikono miwili. Niliwaza kumwita jina, nikajizuia. Ningemvua nguo mbele ya watu. Jumamosi ni kesho, na mimi nimeshikilia megafoni isiyo na kazi. Muzee Rukeba alinitazama mimi, kisha akamtazama shefu. Kwenye mikeka hakutazama. Na yeye ana heshima yake kwa mkwe.

Halafu akainuka. Nilidhani anaondoka. Akashika kiti chake mgongoni, akakigeuza, akaketi tena, kisogo kwetu, uso kwenye milima ya Burundi ng'ambo ya mto.

“Minye leo niko naangalia mulima,” akasema kwa sauti. “Sioni muntu. Mwenye kusema aseme.”

Mzee wa pili akageuza kiti. Wa tatu. Viti vikakwaruza uwanja mzima. Mmoja wao alikuwa kiziwi, hakuelewa kinachoendelea, akawa anauliza kama kuna moto mlimani. Wenzake walimnyanyua na kiti chake wakamgeuza. Watu wakacheka, na nafikiri kile kicheko ndicho kilichomsimamisha Mwamini.

Sauti yake mwanzoni ilikuwa ndogo, shefu akamwambia aongeze. Akaongeza. Alisema anapochota, saa anayotoka, viboko aliowakuta. Alisema hangari iko nzuri na aliyeitetea hakusema vibaya. Kisha akasema maji yaliyomuua Neema aliyachota yeye mwenyewe, kwa bidoni yake, asubuhi ya siku ile.

Neema alikuwa mjukuu wa Muzee Rukeba. Ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani kila Jumapili kwenda kanisani. Kifo alikijua, alimzika. Lakini habari ya bidoni hakuna mkwe ambaye angemwambia. Niliona mabega yake yanashuka, na sikuweza kuona uso wake, nashukuru sikuuona.

Baada ya Mwamini walisema wengine watano, sita. Ndipo nikauliza: wanaotaka robine itangulie? Mikono ya mikeka ikapanda. Hii sasa niliitambua kuwa ni kauli yao. Ilipanda moja moja, mingine ikisitasita, na wawili hawakuinua kabisa kwa sababu wanauza samaki na walitaka hangari, haki yao. Nikaangalia mbele. Mkono wa kwanza kwenye viti, mzee ametupa kisogo, ulikuwa wa Muzee Rukeba. Shefu alihesabu mwenyewe, akatia sahihi, na Jumamosi asubuhi karatasi ilikuwa mezani kwa bosi. Maji yalifika, kwa kuchelewa kama kila kitu chetu, na mtoto wa Mwamini aliyanywa.

Lakini siku ile kazi ilikuwa haijaisha. Akina mama walikuwa wameanza kubishana robine isimame wapi, nani ashike ufunguo, ifunguliwe saa ngapi, na sauti zilikuwa zimepanda mpaka nikaacha kuandika. Wazee bado wametazama milima, jua limewafikia shingoni. Muzee Rukeba akakohoa.

“Mumemaliza?” akauliza bila kugeuka. “Naweza geuka?”

Nikafungua kinywa nimjibu. Mwamini akanitangulia.

“Bado, baba,” akamwambia. “Tuko na mambo.”